Nilionyesha video ya mwanafunzi wangu wa zamani darasani, sasa mama yake hanisalimii

BARUA

Mshauri, pole na kazi.

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha Jiografia na Historia katika shule ya sekondari ya serikali huku Lindi. Nimesita sana kukuandikia kwa sababu mji wetu ni mdogo, mtu akisoma mistari miwili tu anaweza kunijua. Lakini nimechoka kulala na jambo hili kichwani.

Kuna kijana nilimfundisha zamani. Hakuwa mtu wa daftari, alikuwa mtu wa kutazama. Matokeo ya kidato cha nne yalimwangusha, akarudi nyumbani, akawa anashika kamera za watu kwenye harusi na sendofu mpaka akanunua ya kwake. Siku hizi ana chaneli yake YouTube. Anazunguka Kilwa, Mikindani, popote penye historia. Mwaka jana akaenda Tendaguru, kule Mipingo walikochimbuliwa wale mijusi wakubwa wa kale, akatengeneza video ya dakika 12.

Mshauri, video ile ni nzuri, sisemi kwa kuwa ni mwanafunzi wangu. Kuna mahali anatandaza futi kamba chini mpaka mita 13, halafu anawalaza watoto wa kijijini kwenye vumbi, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, kuonyesha kimo, kwenda juu, cha yule mjusi aliyesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin. Watoto wanacheka, mstari unavunjika, anaanza kuwapanga upya. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili, ambao nikisema "miaka milioni 150 iliyopita" wananitazama kama nimetaja bei ya ndege, siku ile walikaa kimya mpaka mwisho. Kengele ililia hakuna aliyenyanyuka.

Sasa nikueleze nilivyofanya. Intaneti ya shule haieleweki, kwa hiyo niliipakua nyumbani kwa programu ya simu. Projekta niliazima kwa mwalimu wa TEHAMA, ubaoni tukatundika shuka jeupe, madirisha tukaziba kwa maboksi na kanga zangu mbili. Kipindi ni dakika 40 na kutafuta waya wa umeme pekee kulikula robo yake. Ndiyo maana nilikata ule mwanzo ambao anajitambulisha na kuomba watu wasabskraibu. Halafu chini ya kioo, video nzima, kulikuwa na jina lake na namba ya simu, "harusi, kipaimara, sendofu". Mkuu wa shule aliona akasema hii ni shule ya serikali, hatutangazi biashara ya mtu. Nikaipunguza kwa chini, ule mstari ukatoka. Sikuwa na nia nyingine.

Walimu wenzangu wa Jiografia walipoisikia wakaomba, nikaiweka kwenye grupu letu la WhatsApp. Kutoka pale sijui ilikopita. Ilifika Ruangwa, Nachingwea, Masasi. Kuna mwalimu wa Newala alinitumia mimi mwenyewe, akaniambia "Dada, tazama hii, itakufaa."

Mkuu naye anaendesha kambi ya likizo. Wazazi wanachangia shilingi 5,000 kwa mwanafunzi, ya uji na umeme kama anavyosema, na kwenye tangazo aliandika "masomo kwa njia ya video". Video yenyewe ni hiyo.

Kijana alikuja nyumbani. Shikamoo mwalimu, marahaba, karibu ukae. Akaniambia aliomba kazi ya kupiga picha kwa watu fulani wa mambo ya utalii, akawapelekea video ya Tendaguru kama mfano wa kazi zake. Wakamjibu kwamba hiyo wameshaiona kwa walimu, haina jina lake, yeye ameitoa wapi? Kazi hakupata. Akasema, "Mwalimu, watu wanadhani imetengenezwa na Wizara."

Mimi nilimjibu kwa upole. Nilimwambia, mwanangu, ile ni elimu, nami sikupata hata shilingi. Mifupa ile ni yetu sote. Wajerumani waliibeba wakaenda nayo kwao, wanaingiza watu kwa tiketi mpaka leo, na hakuna aliyetulipa. Sasa wewe na mimi tudaiane kwa ajili ya wadogo zako? Akanyamaza. Akasema "Sawa mwalimu," akaondoka chai akiwa hajaimaliza.

Tangu hapo mama yake, ambaye tuko naye kikoba kimoja, ananipa hela mkononi bila kuniangalia usoni.

Mkuu anasema nisimwandikie kijana chochote, ukikiri tu umejifunga, na kwamba elimu haina hakimiliki. Mwalimu wa TEHAMA anasema ipo kanuni ya matumizi ya haki (fair use), inaruhusu mwalimu kutumia kazi yoyote, na hata kama hairuhusu, chini ya sekunde 30 hakuna shida. Mume wangu anasema mpe elfu hamsini yaishe. Na mimi najiuliza, mbona yeye mwenyewe ameweka wimbo wa Bongo Fleva chini ya video yake, na picha za zamani za Wajerumani? Aliomba kwa nani?

Mshauri, nimekosa nini hasa? Nimlipe? Niifute? Na kambi ya Desemba inakuja, mkuu ameshaniambia niandae projekta.

Mwalimu, Lindi

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Na kama mimi ndiye niliyekuzidi umri, basi marahaba.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kama mtu wa sheria, mara ya pili nikaisoma kama jirani yako, na kila mara nimeona kitu tofauti. Niruhusu nianze na sheria, maana hapo umepewa maneno mengi na watu watatu, na karibu yote yamekaa upande.

Mkuu wako anasema elimu haina hakimiliki. Mwombe afungue ukurasa wa pili wa kitabu chochote cha kiada kilichopo mezani kwake asome kilichoandikwa pale chini. Elimu ni bidhaa ya watu, kuna aliyeandika, kuna aliyechora. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, na kwa sheria hiyo kazi inalindwa tangu inapotengenezwa. Kijana wako hakuhitaji kujisajili popote wala kuweka alama yoyote ndipo video iwe yake.

Mwalimu wa TEHAMA yeye yuko karibu na ukweli lakini amebeba sheria ya nchi nyingine. Hiyo kanuni ya matumizi ya haki ni ya Marekani, imo kwenye sheria yao ya mwaka 1976. Hata huko kwao haisemi kwamba mwalimu achukue atakacho. Mahakama hupima mambo manne: umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeathiri vipi soko la mwenye kazi. Sekunde 30 hazimo. Hizo ni sekunde za vijiweni, na nashangaa jinsi zilivyosafiri, kila nchi unazikuta.

Ya kwetu imekaa hivi. Sheria inaruhusu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma itumike kama kielelezo cha kufundishia bila kumwomba mwenyewe, kwa kiasi ambacho somo linahitaji na kwa namna ya uungwana, ila utaje chanzo na utaje jina la mtunzi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, nao unawaachia walimu nafasi hiyo, na sharti lake la jina ni hilohilo.

Sasa rudi kwenye lile shuka ubaoni. Mwalimu wa serikali, kipindi chake, wanafunzi wake, hakuna kiingilio, video inahusu mada iliyopo kwenye somo. Nikikutazama hapo naona mtu ambaye sheria ilimwachia mlango wazi. Na ufunguo wa mlango huo ulikuwa kwenye ule mstari wa chini ulioupunguza.

Najua kwa nini uliupunguza. Uliambiwa na mkubwa wako wa kazi, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi, shule kweli haipaswi kuwa bango la biashara. Lakini hebu tujiulize pamoja, je, namba ya simu ya mpiga picha wa harusi na jina la aliyetengeneza video vilikuwa kitu kimoja? Ungeweza kuziba namba ukaandika jina ubaoni kwa chaki. Ungeweza kusema kwa mdomo, "Aliyetengeneza hii alikaa kwenye hilo dawati." Sisemi hivi nikulaumu, nasema kwa sababu nafasi hiyo bado ipo, na ni rahisi kuliko unavyodhani.

Upakuaji ni jambo lingine dogo la pembeni. YouTube katika masharti yake inakataza kupakua kwa programu za nje, pia inasema matumizi ni ya mtu binafsi, si ya kuonyesha hadharani. Hayo ni makubaliano kati ya mtumiaji na kampuni, si sawasawa na sheria ya nchi, na walimu wengi wasio na intaneti shuleni wanaishi katikati ya hayo mawili kila siku. Sitalikuza. Ila lina dawa ya moja kwa moja kwako, kwa kuwa mwenye video yuko mtaani kwenu. Akikupa mwenyewe faili kwenye flashi, habari ya kupakua imekwisha.

Grupu la WhatsApp ndilo lililobadilisha sura ya mambo. Darasani video ilionekana na wanafunzi wako, kengele ikalia, ikaisha. Kwenye grupu uligawa nakala, na nakala uliyoigawa ni ile isiyo na jina. Sheria inampa mtunzi haki ya kunakili na kusambaza kazi yake. Mbali na hizo za kimasilahi, inampa haki nyingine za heshima: atambuliwe kuwa ndiye aliyeitunga, na aweze kupinga kazi yake ikikatwakatwa kwa namna inayomshushia hadhi. Kijana alipokueleza alivyoulizwa "umeitoa wapi?", alikuwa anakueleza hasara ya haki hizo za pili. Nimetafuta kwenye barua yako mahali aliposema anataka hela, sikupaona. Umeandika alichosema, na alisema watu wanadhani imetengenezwa na Wizara.

Ulimjibu kwa habari ya Berlin, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hoja yako ni nzito na sikubali ipite hivihivi.

Ni kweli. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa jumba la makumbusho la Berlin ulichimba Tendaguru ukaondoa zaidi ya tani 200 za mifupa. Ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu wetu, kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Mifupa ya yule mjusi anayetembelewa leo ilipita kwenye njia ambazo wanafunzi wako wanapita kwenda shule. Madai kuhusu mifupa ile ni ya haki kujadiliwa, na kilima kile, na historia ile, na mita 13 zile si mali ya mtu mmoja. Wewe unaweza kwenda kesho na futi kamba yako ukalaza watoto wengine, na kijana wako hana la kukudai.

Lakini hiyo ni mifupa. Video ni jambo jingine. Sheria hailindi habari yenyewe, inalinda namna mtu alivyoieleza: alipoweka kamera, maneno aliyochagua, ule mstari wa watoto alioupanga ukavunjika akaupanga tena. Hakuna Mjerumani aliyemfanyia hayo.

Na kuna mtu mmoja katika historia hiyohiyo ningependa umkumbuke. Vitabu vya msafara vinawataja sana Werner Janensch na Edwin Hennig, waliouongoza. Aliyewasimamia wachimbaji siku hadi siku alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa huku. Ilikuja kuwa mwaka 2007 ndipo mwanasayansi mmoja alipompa mjusi mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Karibu miaka 100 baadaye. Wabebaji walio wengi hawana hata hilo. Kwa hiyo unapomwambia kijana kwamba walichukua na hawakutulipa, mimi nakuuliza kwa upole, Mwalimu: katika hadithi hiyo, yeye umemweka upande gani? Nadhani chai ilimshinda pale.

Kuhusu wimbo wa Bongo Fleva na picha za kale. Umeuliza aliomba kwa nani, na ni swali halali, huenda hakuomba. YouTube ina mtambo unaotambua nyimbo, na mara nyingi mapato ya matangazo ya video ya namna hiyo humwendea mwenye wimbo. Hilo ni lake na huyo msanii. Ukilitoa kama ngao mtakapoonana, ataona umekuja kupigana. Ukilitoa siku nyingine kama mwalimu wake, kwamba "mwanangu, na huu wimbo umeuombea ruhusa?", huenda likamsaidia asije akaumia mbele. Wakati ndio unaotofautisha.

Sasa ufanye nini? Nitakutajia njia ninazoziona, pamoja na miiba yake, uchague wewe unayewajua watu wako.

Unaweza kunyamaza, kama mkuu anavyotaka. Grupu litasahau, likizo itapita. Mwiba wake ni kwamba hasara ya kijana haipo kwenye grupu lako tu, iko kwenye kila simu ilikofika, na akikosa kazi ya pili kwa sababu ileile hatakuja tena kukaa barazani. Anaweza kwenda COSOTA, anaweza kuiandikia YouTube au mtandao wowote ambao nakala itapandishwa. Sitaki kukutisha kwa adhabu, nyumba zenu ziko jirani na sioni kama mmefika huko. Nasema tu kwamba ukimya nao ni jibu, na yeye atausoma.

Unaweza kumpa elfu hamsini. Mumeo ana nia njema. Mimi ningeogopa bahasha inayotangulia mazungumzo, hasa kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi wake. Anaweza kuona umemfunga mdomo, au akaona umeshakubali kwamba kazi yake ina bei ya elfu hamsini, na bei hiyo ikatumika na wengine. Kama pesa itakuja, ije baada ya yeye kusema, na iwe na maelezo: ni ya nini, kwa matumizi gani, mpaka lini.

Unaweza kumrudishia jina. Hili ni la kwenda palepale ulipoanzia, kwenye grupu la Jiografia, ukaweka kiungo cha video yake halisi, ukaandika jina lake kamili na kwamba nakala ile ya mwanzo ilikatwa kwa ajili ya muda wa kipindi, ukawaomba wenzako walio nayo waibadilishe na waliowatumia wengine nao wawafikishie. Si wote watafanya. Yule wa Newala atafanya, naona ni mtu wa kushiriki mambo. Ujumbe huo pia kijana anaweza kuupiga picha akawaonyesha wale waliomnyima kazi, na hapo utakuwa umempa kitu ambacho elfu hamsini haiwezi kununua.

Hofu ya mkuu kuhusu maandishi siidharau. Wewe ni mtumishi, na barua yenye muhuri wa shule inayosema tumekosa si kitu cha kuandika usiku ukiwa na uchungu. Lakini kusema "video hii imetengenezwa na fulani" ni kutaja ukweli, sioni mtu anavyojifunga kwa hilo. Ikitokea kijana akaleta barua ya wakili, hapo simama, usijibu peke yako, mpelekee mkuu ili suala liende kwa mwanasheria wa halmashauri. Mpaka hapo, naona bado ni mambo ya mwalimu na mwanafunzi.

Kambi ndiyo inayonipa shida zaidi, kwa sababu pale si wewe unayeamua. Ule mlango wa sheria niliokueleza umejengwa kwa ajili ya kufundishia kwa uungwana. Mzazi anapochangia 5,000 na tangazo linapoitaja video kama kivutio, hoja ya kwamba hakuna anayenufaika inaanza kulegea, hata kama hela yote inaishia kwenye uji. Sijui uji wa shuleni kwenu unagharimu kiasi gani na wala simtuhumu mkuu. Ila mwenye video akiona tangazo lile halafu akumbuke kwamba yeye alinyimwa kazi kwa video hiyohiyo, huoni atakavyohisi?

Kumkatalia mkuu uso kwa uso kuna gharama zake, unazijua kuliko mimi, na sitakushauri uwe shujaa kwa niaba ya safu ya gazeti. Labda umpelekee jambo likiwa limeshaiva: kwamba kijana mwenyewe aalikwe kambini siku moja, alipwe posho kama anavyolipwa mtu mwingine anayekuja kufundisha, aonyeshe video yake na aulizwe maswali. Mkuu anabaki na kivutio chake, kijana anakuwa na jina na posho, na wewe huna haja ya kumkatalia mtu. Mwiba: kijana anaweza kukataa, na ana haki. Au mkuu anaweza kusema fungu hakuna. Ikiwa hivyo, omba ruhusa ya maandishi, hata ya WhatsApp inatosha kuanzia, inayosema video gani, kambi ipi, na kwamba jina litaonekana. Ikishindikana na hiyo, Desemba fundisha kwa kitu kingine.

Vitu vingine vipo. Kuna video ambazo watengenezaji wameziachia kwa leseni huria za Creative Commons, na ndani ya YouTube unaweza kuchuja utafutaji ukaletewa hizo tu. Soma masharti, maana kuna leseni inayoruhusu kusambaza lakini inakataza kukata hata sekunde moja, na karibu zote zinataka jina litajwe. Picha na video za NASA kwa kawaida ziko huru kwa kufundishia, kwa sababu kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki huko kwao. Kwa sayari na volkano zitakufaa sana. Kwa kilima cha Mipingo, bado naona msaada wako uko mtaani.

Ukifikiria kutengeneza ya kwako na wanafunzi, ni jambo zuri, ila sura za watoto zinahitaji ruhusa ya wazazi, hasa tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na usiige ule mstari wa watoto waliolala. Kisheria ungeweza kubishana. Kijirani, hapana.

Mwisho ni mama yake. Wengi wetu tungeanzia kwake, mtu mzima kwa mtu mzima, na pengine kikoba chenu kinastahili hilo. Lakini ukipitia kwa mama utakuwa umemrudisha kijana utotoni, na nimeona ulimwita "mwanangu" siku alipokuja na jambo la kazi. Ni neno la upendo, silikosoi. Nashauri tu ufikirie kama siku ile alihitaji kusikilizwa kama mwanao au kama mtu mwenye fani yake. Ukishaonana na yeye kwanza, kwa mama utakwenda na habari badala ya kwenda na ombi.

Mtafute siku za katikati ya wiki, mwishoni mwa wiki watu wa harusi hawapatikani. Nenda na orodha ya magrupu ulimoiweka video, hata kama ni mawili, ili asilazimike kuanza kukuuliza kama polisi. Muulize anataka nini kabla ya kumwambia ulichopanga. Na kama mkuu atakuwekea ugumu kuhusu Desemba, niandikie tena, maana hiyo ya kambi na michango ya wazazi inahitaji barua yake peke yake.

Mshauri